Gemu Inapomtoa Mchezaji Machozi

Gemu ya kompyuta haiendi mpaka mtu aiendeshe. Filamu ikishawashwa husonga hata watazamaji wakisinzia, na riwaya humfikisha mhusika wake kaburini msomaji apende asipende. Gemu husubiri. Mlango haufunguki mpaka kitufe kibonyezwe. Mgonjwa hapati dawa mpaka mchezaji aamue kumpa, na pengine dawa ni ya mtu mmoja na wagonjwa ni wawili. Nguvu ya gemu ya kugusa moyo imo humo. Sanaa nyingine humfanya mtu amlilie mwenzake. Gemu humtia ndani ya msiba, akabaki na deni la aliyoyatenda na aliyoshindwa kuyatenda.

Swali la kama mashine inaweza kumliza mtu lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 kampuni changa ya Marekani, Electronic Arts, iliuliza swali hilohilo katika tangazo lake. Mwaka huohuo kampuni nyingine, Infocom, ilitoa Planetfall, gemu iliyotungwa na Steve Meretzky bila picha hata moja: mchezaji alisoma maelezo kwenye skrini na kuandika amri zake kwa maneno. Mwenzake safarini ni Floyd, roboti mwenye tabia za mtoto mdogo. Safari inapokaribia mwisho, Floyd anajitolea kuingia katika maabara yenye viumbe hatari ili kuchukua kitu ambacho mchezaji hawezi kuendelea bila hicho, na majeraha anayoyapata yanamuua. Kifo hicho kilichoandikwa kwa sentensi chache kiliwaliza watu wazima. Mwaka 1997 Wajapani waliotunga Final Fantasy VII walikwenda mbali zaidi: walimuua mhusika wao Aerith katikati ya hadithi, baada ya mchezaji kutumia saa nyingi kumlea, kumvisha silaha na kumwongezea nguvu. Aliyempoteza Aerith alipoteza mpendwa na jasho lake kwa pamoja.

Hata hivyo, wako waliokataa katakata. Mashuhuri kuliko wote ni Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliyeandika Aprili 2010 kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Hoja yake ilikuwa na uzito. Gemu ina kanuni, ina pointi, ina ushindi. Ushairi na muziki havina mshindi. Tena, mtunzi wa kazi ya sanaa ndiye anayeamua nini kitokee, na akimwachia mtazamaji uamuzi huo, kazi yenyewe imesambaratika. Miezi michache baadaye Ebert alikiri kwamba hakupaswa kutoa hukumu hiyo hadharani bila kuzicheza gemu zenyewe, ingawa msimamo wake wa msingi haukubadilika. Baadhi ya taasisi ziliamua vingine. Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, ilitamka kwamba gemu zinastahili ulinzi uleule wa uhuru wa kujieleza unaopewa vitabu, tamthilia na filamu. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York iliingiza gemu 14 katika hazina yake.

Hukumu ya mahakama na heshima ya makumbusho hazijibu hoja ya Ebert. Jibu limo katika gemu zenyewe, na lililo wazi kuliko yote labda ni Papers, Please, iliyotolewa mwaka 2013 na mtu mmoja, Lucas Pope. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yake ni kukagua pasipoti, kulinganisha tarehe na picha, kisha kugonga muhuri wa kijani au mwekundu. Msomaji aliyewahi kupanga foleni mpakani Namanga au Tunduma analijua dirisha hilo kwa upande wa nje. Hapa anakaa ndani. Analipwa kwa idadi ya watu aliowahudumia. Kila siku kanuni zinaongezeka, na makosa yakizidi anakatwa mshahara. Jioni anaulizwa: pesa iliyobaki ni ya chakula, ya kupasha nyumba joto, au ya dawa ya mtoto?

Kisha anakuja mwanamume mwenye karatasi zote sawa, naye anasema mke wake yuko nyuma yake kwenye foleni na kuomba atendewe wema. Mke anafika. Kibali hana. Akirudishwa, ndoa imekatwa na mpaka. Akiruhusiwa, kosa linaandikwa. Hakuna muziki wa huzuni wala machozi yaliyochorwa usoni, ila muhuri na mkono wa mchezaji. Wengi hugundua, kwa aibu ya kweli, kwamba wamegonga mwekundu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na siku ilikuwa inaisha. Pope hakuachia kazi yake isambaratike kwa kumpa mchezaji uamuzi. Alitunga kanuni zinazouelemea uamuzi huo, na katika gemu kanuni hufanya kazi ambayo sentensi hufanya katika riwaya.

Njia hiyohiyo ilifuatwa na studio ya 11 bit ya Warsaw katika This War of Mine, ya mwaka 2014. Gemu nyingi za vita humvika mchezaji sare na kumpa bunduki. Hii inamweka katika nyumba iliyobomoka pamoja na raia wenye njaa. Watunzi walichota kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, mji uliokatiwa njia kwa karibu miaka minne kuanzia 1992. Mchana wadunguaji hawaruhusu mtu kutoka. Usiku, mmoja wa raia hao huenda kutafuta chakula, na moja ya nyumba anazoweza kuingia ni ya wazee wawili, mke na mume, wasio na uwezo wa kujitetea. Kabati lao lina chakula na dawa. Mzee anasihi tu. Aliyewaibia hurudi nyumbani na shehena, lakini kesho yake anakaa sakafuni kwa majonzi, na akirudia mambo hayo anaweza kugoma kula, kugoma kutoka, hata kujiua. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba gemu hiyo itaingizwa katika orodha ya kazi zinazopendekezwa shuleni kwa wanafunzi waliotimiza miaka 18.

Hatia ni hisia moja tu. Kufiwa nako kuna njia yake, na aliyeionyesha kwa ustadi wa ajabu ni Josef Fares, mwongozaji wa filamu mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Sweden. Katika Brothers: A Tale of Two Sons ya mwaka 2013, ndugu wawili wanasafiri kumtafutia baba yao dawa. Mchezaji anawaongoza wote kwa wakati mmoja: kaka kwa mkono wa kushoto, mdogo kwa mkono wa kulia. Mdogo anaogopa maji kwa sababu mama yao alizama, kwa hiyo kwenye kila mto kaka humbeba mgongoni. Karibu na mwisho kaka anakufa. Tangu hapo mkono wa kushoto hauna kazi, na vidole vinauhisi utupu huo kabla akili haijaufikiria. Mdogo anafika mtoni peke yake na kukataa kuingia. Hakuna kinachosaidia mpaka mchezaji abonyeze kitufe cha marehemu. Mtoto anaingia majini na kuogelea. Tukio hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye filamu wala kitabu, kwa kuwa limeandikwa mkononi mwa mchezaji.

Kazi nzito kuliko zote ni That Dragon, Cancer, iliyotoka Januari 2016. Ryan na Amy Green, wazazi Wakristo wa Marekani, walianza kuitengeneza pamoja na Josh Larson mtoto wao Joel alipokuwa akiugua saratani ya ubongo aliyogunduliwa nayo akiwa na umri wa mwaka mmoja. Joel alifariki Machi 2014, na gemu ilikuwa haijakamilika. Kicheko kinachosikika humo ni chake mwenyewe. Katika sehemu moja baba yuko naye hospitalini usiku. Mtoto amekaukiwa maji mwilini na analia. Mchezaji anajaribu kumpa kinywaji, kumbembeleza, kutembea naye chumbani. Kilio hakikomi. Miaka mingi ya kucheza imemzoeza kuamini kwamba kila tatizo lina ufunguo uliofichwa mahali fulani, na hapa ufunguo hakuna. Baba anaishia kusali. Mzazi yeyote aliyekesha wodini anajua kwamba hivyo ndivyo usiku ule ulivyo. Mwaka 2017 gemu hiyo ilipata tuzo ya ubunifu ya BAFTA huko Uingereza.

Baada ya gemu hiyo kutoka, wazazi hao walieleza kwamba watu wengi mno waliitazama ikichezwa na wengine kwenye video za mtandaoni, wakalia, na hawakuinunua. Jambo hilo linafaa kuzingatiwa kwa haki: gemu yenye maamuzi machache hupoteza kidogo ikitazamwa tu, na kwa kiasi hicho iko karibu na filamu.

Upungufu mwingine ni mkubwa zaidi. Gemu nyingi ghali hujitahidi kuhuzunisha kwa kuazima sinema: mchezo unasimama, shujaa anamlilia rafiki aliyekufa, kisha mchezo unarudi na shujaa huyohuyo anaua watu mia bila kupepesa jicho. Machozi ya aina hiyo hayaaminiki, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Wimbo Baba Yetu, ambao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Lual Mayen, ambaye familia yake ilikimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kuichaji kulimlazimu kutembea saa tatu. Akajifunza kutengeneza gemu. Salaam, gemu yake, inamweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayekimbia vita huku akitafuta maji, chakula na dawa. Ilibuniwa ili anayenunua chakula ndani ya gemu kwa pesa halisi awe amemnunulia mkimbizi halisi kambini.

Gemu nyingi kati ya zilizotajwa hapa hazihitaji mashine ya bei kubwa. Papers, Please ilianza kupatikana kwenye simu mwaka 2022, na This War of Mine na Brothers nazo zimewahi kutolewa kwa simu. Kikwazo ni lugha, ambayo ni Kiingereza au nyinginezo za kigeni. Brothers haina kikwazo hicho: wahusika wake husema lugha ya kubuni isiyoeleweka na yeyote, na kila kitu hueleweka kwa ishara na kwa mikono miwili ya mchezaji.