Lenzi nzito na mkono mmoja: je, gripi ya betri inasaidia?

Mwezi huu tunaongea juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi wameishika, kutoka Lobule mpaka Rhino Camp na Imvepi: kupiga picha. Wanaitwa kwenye harusi, ubatizo, mahafali ya shule, hata kwenye matanga.

Kwetu sisi picha si pambo la ukutani tu. Wengi tulivuka mpaka bila hata picha moja mfukoni. Mtoto anauliza, "Babu alikuwa na sura gani?" na mzazi hana cha kumwonyesha. Ndiyo maana picha ikitoka na ukungu inauma. Siku ile hairudi.

SWALI KUTOKA LOBULE

Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, anaishi Lobule, wilaya ya Koboko. Alinunua kamera ya mtumba, Canon 5D Mark II, na baadaye akapata lenzi ndefu ya 70-200. Ni lenzi nzuri: anasimama nyuma ya kanisa na anapata uso wa bibi harusi bila kumsumbua padri. Lakini ni nzito. Kila harusi ikifika jioni, kifundo cha mkono wake wa kulia kinauma na picha zinaanza kutikisika.

Kwenye harusi moja, picha ya bibi mzee akiwabariki maharusi ilitoka na ukungu. Bibi harusi alipopewa, aliitazama, hakusema kitu, akaigeuza chini juu ya meza.

Kijana akaamua anunue gripi ya betri, yaani kile kishikio kinachofungwa chini ya kamera, chenye nafasi ya betri mbili. Alisikia eti gripi inasawazisha lenzi nzito. Hela ilikuwepo, ya mgao wa kikundi cha akiba. Mke wake akamwambia: "Baba watoto, hiyo feza ni ya karo. Kama hicho kitu kitaponya mkono wako, nunua. Lakini kwanza niambie kitafanya nini."

Mama huyo aliuliza swali zuri sana. Tumjibu.

UZITO WENYEWE NI KIASI GANI?

Canon 5D Mark II, iliyotoka mwaka 2008, ina gramu 810 bila betri. Lenzi ya 70-200 ya f/2.8, toleo la pili lenye kizuia mtikisiko, ina gramu 1490. Jumla ni gramu 2300. Chukua pakiti ya sukari ya kilo mbili, uongeze konzi kadhaa, unyooshe mkono mbele uishike hivyo dakika mbili. Utaelewa.

Tena ona jambo hili: lenzi ni nzito karibu mara mbili kuliko kamera. Kwa hiyo uzito wote unavuta mbele, na mkono wa kulia ulioshika kamera uko nyuma.

JEMBE LINATUFUNDISHA

Kila mtu hapa anajua jembe. Ukilishika mwisho wa mpini na kulinyoosha, chuma kinakuvuta chini. Ukilishika karibu na chuma, jembe lile lile linakuwa jepesi. Jembe halikupunguza hata gramu. Wewe umesogeza mkono karibu na mahali uzito unapolala.

Kamera ni hivyo hivyo. Kuna sehemu moja ambapo mbele na nyuma vinalingana. Ukiishika hapo, inatulia. Ukiishika mbali na hapo, misuli inapigana na uzito, na misuli ikichoka inatetemeka.

Kuipata sehemu hiyo ni rahisi. Kaa chini, weka kitambaa mapajani ili kitu kikianguka kisivunjike. Laza lenzi juu ya vidole viwili, sogeza taratibu mpaka kamera isiiname mbele wala nyuma. Hapo bandika kipande kidogo cha plasta. Ni alama yako.

SASA TUWEKE GRIPI

Tuseme gripi pamoja na betri ya pili inaongeza gramu 400. Tuseme pia uzito wa kamera umekaa sentimita 2 nyuma ya pete ambapo lenzi inafungwa, na uzito wa lenzi umekaa sentimita 10 mbele ya pete. Ukipiga hesabu, bila gripi sehemu ya kulingana iko karibu sentimita 6 mbele ya pete. Ukifunga gripi, inarudi nyuma mpaka sentimita 4.6 hivi.

Yaani umeongeza karibu nusu kilo ili upate sentimita moja na kidogo. Jumla sasa ni kilo 2.7. Kijana wetu aliazima gripi kwa fundi wa studio mjini Arua akajaribu na vidole. Alama ilirudi nyuma upana wa kidole kimoja tu.

Basi kwa nini watu wanasema kamera inatulia zaidi? Hawasemi uongo. Mkono wa kulia unapata mahali pakubwa pa kushika, hata kidole cha mwisho kilichokuwa kinaning'inia kinapata pa kukaa. Kiganja kinajisikia vizuri, hasa kwa mwenye mikono mikubwa au kamera ndogo. Lakini mzigo haujapungua. Umeongezeka.

GRIPI INASAIDIA WAPI?

Kwanza, picha za wima. Ukigeuza kamera isimame, kiwiko cha kulia kinapanda juu kama bawa la kuku. Gripi ina kitufe cha pili cha kupigia, kwa hiyo kiwiko kinabaki chini karibu na mbavu. Kwa mtu anayepiga maharusi wamesimama kutwa nzima, hilo si jambo dogo.

Pili, umeme. Betri moja ya kamera hiyo inapiga kama picha 850 kwa kipimo cha kiwandani, na kizuia mtikisiko cha lenzi nacho kinakula betri hiyo hiyo. Sisi tunachaji kwa sola, na wingu likikaa siku mbili ni shida. Betri mbili ndani ya gripi zinamaliza harusi bila kufungua kifuniko.

Lakini angalia: betri ya pili ukiiweka mfukoni inafanya kazi ile ile. Kuibadilisha ni nusu dakika, na mfukoni haichoshi mkono.

INALETA SHIDA WAPI?

Ukiwa na lenzi ndogo, kama ile ya 50 yenye gramu 160 au chini, gripi inaifanya kamera kuwa nzito bure. Ukitembea nayo shingoni kutoka asubuhi, shingo italalamika. Ukiiweka kwenye miguu mitatu, kamera inakaa juu zaidi na skrubu ya gripi isipokazwa vizuri inacheza. Gripi za bei ya chini ndizo zinazolegea upesi. Ukinunua mtumba, ifunge, tikisa, sikiliza. Na kwa kamera nyingi kile kifuniko cha betri kinatolewa ili gripi iingie. Kitunze. Kikipotea, siku gripi ikiharibika kamera nayo inalala.

NGUZO YA NYUMBA NI MKONO WA KUSHOTO

Hapa ndipo jibu lilipo. Mkono wa kulia kazi yake ni kuelekeza na kubonyeza. Anayebeba ni wa kushoto. Weka kiganja cha kushoto chini ya lenzi, pale penye alama yako, kiganja kikitazama juu kama mtu anayepokea chakula. Usishike lenzi kwa juu. Bana viwiko vyote kwenye mbavu. Tanguliza mguu mmoja. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza polepole.

Kazi ya mkono huu si ndogo. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, aliipeleka njaa ya Ethiopia mbele ya macho ya dunia kwa picha alizochukua Korem. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, na mwenzake, fundi sauti John Mathai, akafa pale pale. Amin alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini, akaendelea mpaka alipokufa katika ajali ya ndege iliyotekwa mwaka 1996. Sisi wenye mikono miwili tusiuache wa kushoto ukining'inia tu.

Mambo mengine ya kushika:

Ukitembea, beba kwa lenzi, usibebe kwa kamera. Ukishika kamera na lenzi inaning'inia mbele, uzito wote unavuta ile pete.

Lenzi yenye pete yake ya miguu mitatu, fungia hapo. Ukifunga chini ya kamera, inainama kama mtu anayesinzia.

Lenzi ikivutwa mpaka 200, kasi isishuke chini ya sehemu moja ya 200 ya sekunde. Kwa anayetembea au kucheza ngoma, ongeza zaidi.

Kati ya picha na picha, shusha kamera. Mkono unaopumzika ndio unaofika jioni.

KAMBA YA BEI NDOGO

Kuna msaada mwingine ambao hauhitaji kuuza mbuzi. Tundu la chini ya kamera, na mara nyingi lile la pete ya lenzi, linapokea skrubu ya robo inchi. Tafuta skrubu fupi ya kipimo hicho, ifunge kamba imara yenye urefu wako. Kaza skrubu kwa vidole tu, isiingie sana ikaharibu tundu. Kanyaga mwisho wa kamba, inua kamera mpaka kamba ikaze. Mtikisiko wa juu na chini unapungua sana. Ukitaka mguu kamili, fundi seremala anaweza kukufungia skrubu hiyo juu ya fimbo iliyonyooka, na fimbo ndiyo inabeba zile kilo.

WALIAMUA NINI?

Walikaa wawili, wakaweka karatasi mezani. Baba alikubali kwamba gripi haitabeba lenzi. Mama naye alikubali kwamba kazi bila betri ya akiba ni kujidanganya. Wakanunua betri moja, skrubu na kamba. Iliyobaki ikaenda kwenye karo. Gripi wameiweka kwenye mpango wa baadaye, kwa ajili ya picha za wima, na wanajua wanalipia nini.

Baada ya wiki mbili kijana alirudi kwa yule bibi mzee, bila kuitwa wala kulipwa. Akamkuta ameketi mlangoni na maharusi wapo. Akawaomba wapige magoti tena. Mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko kwenye mbavu, kamba chini ya kiatu. Picha ile sasa iko ukutani kwa bibi harusi, na mikunjo yote ya uso wa bibi inaonekana.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana mwenye kamera, mwambie leo jioni akae chini na kitambaa mapajani, atafute alama yake kwa vidole viwili. Haitamgharimu kitu.