Mfamasia chipukizi, usikubali kukimbizwa na foleni

WAZIA hali hii. Ni Jumatatu asubuhi, na dirisha la dawa limejaa watu kuliko siku nyingine yoyote. Wewe umemaliza miaka mitano ya kusomea famasia chuo kikuu na mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Jina lako limeingia katika sajili ya Bodi ya Dawa na Sumu, na koti lako jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Foleni inafika mlangoni. Mama mmoja amembeba mtoto anayelia kwa homa. Mzee aliye nyuma yake anagonga sakafu kwa bakora na kuuliza kwa sauti, "Huyu kijana anasoma gazeti huko ndani?"

Je, utafanya nini? Utaongeza mwendo ili foleni ipungue, au utaendelea kuhesabu kila tembe mara tano huku watu wakikunja nyuso?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi wanaoanza kazi hii. Chuoni mwanafunzi hufunzwa kuwa mwangalifu. Lakini ni nadra kufunzwa jinsi ya kuwa mwangalifu huku watu arubaini wakimkodolea macho. Ndiyo maana baadhi ya chipukizi hukimbia ili wasionekane wajinga, na wengine huwa wazito hadi wenzao wakalalamika.

Wahenga nao walituachia methali za pande zote mbili. Walisema haraka haraka haina baraka. Kisha wakageuka na kusema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika famasi, methali hizi zote ni za kweli, na kila moja ina mgonjwa wake.

Tuanze na haraka. Mwaka 2007 nchini Uingereza, mfamasia mmoja alimpa mgonjwa wa miaka 72 tembe za propranolol badala ya prednisolone. Yatazame majina hayo. Yote mawili huanza kwa herufi zile zile, na rafu ikipangwa kwa alfabeti hayakai mbali. Lakini kazi zake ni mbali kama mbingu na ardhi. Prednisolone hutuliza uvimbe katika njia za hewa. Propranolol ni dawa ya moyo na shinikizo la damu, na inaweza kuzibana njia hizo hizo. Mgonjwa huyo aliaga dunia baadaye. Haikuthibitishwa kwamba tembe hizo ndizo zilizomuua, hata hivyo mfamasia alishtakiwa, na mwaka 2009 akapewa kifungo cha nje cha miezi mitatu. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ilikigeuza kuwa faini.

Usidhani ni kisa cha ng'ambo pekee. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipozindua kampeni ya kupunguza madhara ya makosa ya dawa, lilikadiria kwamba makosa hayo hugharimu ulimwengu dola bilioni 42 kila mwaka.

Sasa mrudie yule mama mwenye mtoto. Tuseme mtoto ana kilo 8 na daktari ameandika paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 120. Dawa ya maji ya kawaida ya watoto huwa na miligramu 120 katika mililita 5, yaani kijiko kimoja cha dawa. Hesabu imekwisha. Lakini kuna dawa nyingine ya paracetamol, ile ya matone ya watoto wachanga, ambayo aghalabu huwa na miligramu 100 katika kila mililita moja. Ukimpa mama chupa hiyo na kumwambia "kijiko kimoja", mtoto atameza miligramu 500. Ni zaidi ya mara nne ya kipimo chake, na mama atarudia baada ya saa sita, maana ndivyo ulivyomwelekeza.

Kwa upande mwingine, kukawia nako si uangalifu kila mara. Mama akichoka kusubiri, ataondoka bila dawa. Pengine atanunua tembe za watu wazima katika kioski cha mtaani, azivunje nusu na kukisia. Mgonjwa wa pumu aliyebanwa kifua hawezi kungoja umalize kupanga karatasi. Kwa hivyo usijisifu kwamba hukukosea kwa sababu ulikwenda pole pole. Huenda aliyeumia hakufika hata dirishani.

Ni ipi basi njia ya katikati? Jibu ni hili: usiugawe uangalifu wako sawa kwa sawa. Upeleke palipo na hatari, na uokoe muda kwingine kote.

Mtu mzima aliyeandikiwa tembe kumi za kutuliza maumivu ya kichwa hahitaji dakika sawa na anayechukua methotrexate. Dawa hii, wagonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja tu kwa wiki. Lebo ikisema "kila siku", inaweza kuua. Waweke pamoja naye wanaotumia insulini, warfarin na digoxin. Waongeze watoto wadogo, kina mama wajawazito na wazee wenye mfuko uliojaa dawa za namna nyingi. Hawa wakifika, kanyaga breki, hata kama foleni imefika barabarani.

Kwa wagonjwa wote, kuna hatua zisizofupishwa kamwe. Hakikisha jina la mgonjwa, dawa, nguvu yake na kipimo. Soma cheti unapokipokea, kisome tena unapotoa dawa rafuni, na ukisome mara ya tatu kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Uliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mgonjwa anayedhurika kwa penisilini huenda asijue kwamba amoxicillin na flucloxacillin ni za ukoo huo huo. Wewe ndiwe unayepaswa kujua.

Muda utaupata wapi? Utaupata kabla foleni haijaanza. Fika mapema, upange rafu, na uzitenganishe dawa zenye majina au pakiti zinazofanana. Zipakie mapema zile zinazoombwa sana na uziandike lebo. Weka kalkuleta na jedwali la vipimo vya watoto mahali mkono unapofika. Mtu mwepesi famasini si yule mwenye mikono ya kasi. Ni yule asiyetafuta kitu.

Jihadhari pia na kukatizwa. Simu ikilia ukiwa unahesabu tembe, iache ama mwenzako aipokee. Ikikulazimu kujibu, rudi uanze hesabu upya. Usiamini kwamba unakumbuka ulikuwa umefika arubaini na mbili.

Na usimdharau mwenzako mwenye stashahada ambaye amekaa dirishani miaka kumi. Shahada yako ni kubwa, lakini yeye anajua mwandiko wa kila daktari. Kubalianeni mmoja atoe dawa na mwingine aikague. Macho manne huona kisichoonwa na mawili.

Kuna jambo jingine linalowatisha chipukizi: kumpigia daktari bingwa simu. Kuuliza si ujinga. Nukta moja iliyofifia hugeuza 1.0 kuwa 10, na .5 kuwa 5. Usikisie. Sema kwa adabu na kwa ufupi, "Samahani daktari, nina cheti chako cha mtoto wa kilo nane. Kipimo ninachosoma ni mara kumi ya kawaida. Ulikusudia kiasi gani?" Pengine atafoka. Ni afadhali sauti ya daktari anayefoka kuliko kilio cha mzazi.

Je, ukikosea? Siku hiyo huenda ikaja, kwani wewe ni binadamu. Usifiche. Mtafute mgonjwa mara moja, mwambie aache dawa hiyo, kisha mjulishe daktari na mkubwa wako. Mwaka 2018 Uingereza ilibadilisha sheria ili mfamasia aliyekosea bila kukusudia, na akafanya hima kumjulisha mgonjwa, awe na utetezi mahakamani. Waliona kwamba woga ukizidi, watu huficha makosa, na kosa lililofichwa haliwezi kumfunza mtu yeyote.

Nawe msomaji uliye upande wa pili wa dirisha, una sehemu yako. Jua uzito wa mtoto wako. Taja dawa zinazokudhuru na zile unazotumia, za kienyeji zikiwamo. Fungua mfuko papo hapo, soma jina lako, na uulize kila dawa ni ya nini. Ukimwona kijana akisoma cheti chako mara ya pili, usimkemee. Huenda anaokoa maisha yako.

Basi turudi Jumatatu asubuhi. Inua kichwa, uwaambie watu kwa sauti, "Samahanini wazazi wangu, leo tumejaa, lakini nitawahudumia nyote. Aliye na mtoto mwenye homa kali au anayeshindwa kupumua aje mbele." Mtazame mzee wa bakora na umwamkie kwa heshima. Maneno hayo yanachukua nusu dakika tu, na watu wakijua wameonekana, huwa wavumilivu.

Kisha mgeukie mama. Muulize uzito wa mtoto. Soma chupa. Mpimie kipimo mbele ya macho yake na umwombe akuonyeshe atakavyofanya nyumbani. Akikosea, mrekebishe bila kumwaibisha.

Kasi itakuja yenyewe, mwezi baada ya mwezi, mikono ikizoea kazi. Lakini tabia ya kuruka hatua, ukiianza mwezi wa kwanza, itakuwa vigumu kuiacha hata baada ya miaka kumi.