Mia na Moja, au Alifu kwa Kijiti?

Muhula uliopita niliandika katika insha ya uhakiki kwamba malenga fulani wa Mombasa "hajui hata vina 101". Karatasi ikarudi na duara jekundu kwenye namba, na swali pembeni: "Kozi gani hiyo?" Nilicheka, kumbe jibu sina.

Namba hii, wenzangu, ni ya Marekani. Katika miaka ya 1920 na 1930 vyuo vya huko vilianza kuzipa kozi tarakimu tatu: ya kwanza huonyesha ngazi, mbili za mwisho hutambulisha kozi yenyewe. Hivyo 101 ni mlango wa kuingilia. Kamusi ya Oxford inataja orodha ya kozi ya Chuo Kikuu cha Buffalo ya 1929 kama ushahidi wa mapema. Kufikia miaka ya 1980 namba ilikwisha toka darasani: upishi 101, siasa 101, mapenzi 101. Ndiyo taashira ileile tunayofundishwa. (Chumba namba 101 cha George Orwell, katika riwaya yake ya 1949, ni kitu kingine: humo mtu hukutanishwa na anachokiogopa kuliko vyote. Ingawa mtihani wa mwaka wa kwanza, jamani!)

Sasa, Kiswahili kilishaifanya kazi hii. Si tunasema "hajui alifu kwa kijiti"? Alifu ni herufi ya kwanza anayokutana nayo mtoto chuoni, na pwani chuo ni kwanza kile cha Kurani kabla ya hiki chetu. Umbo lake ni mstari uliosimama. Hata ukimwonyesha mtu kijiti, alifu haioni. Tofauti ni kwamba alifu huja na aibu, hajui, ilhali 101 hukaribisha: njoo nikuanzishie, 201 inafuata. Mimi nilichukua mwaliko nikaufanya tusi. Tena kwa mtu ambaye hakukanyaga chuo chenye namba hizo. Vina alivifunzwa barazani.

Nikamrudia. Ubeti niliouona umevunjika ulikuwa na "moja" mahali palipotaka kina cha -ya. Nikamsomea mwenzangu wa Mvita. Akanisahihisha palepale: "Moya, bwana." Na "moya" inakaa sawasawa na "haya". Aliyechapa ndiye aliyeusanifisha ubeti.

Namba nimeifuta. Insha naiandika upya, na swali la pembeni bado halijafutika.