Anayeomba mtaji na aweke nafaka iliyolowa juu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika familia zetu nyingi mtaji wa kwanza wa kijana hautoki benki. Hutoka kwa baba, kwa shangazi au kwa mjomba. Kijana huja na maneno matamu: "Mjomba, ufugaji wa kuku unalipa, nipatie laki nane tu." Mjomba hutoa. Baada ya miezi mitatu kuku wamekufa, fedha hazipo, na wawili hao hawasalimiani hata msibani. Ukichunguza, mara nyingi hukuti wizi. Unakuta maelezo yaliyotolewa nusu.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa ilipatwa na mvua. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Hadithi hii inahusu muuzaji wa chakula, lakini mafunzo yake yanamfikia pia anayeomba mtaji. Mpango wa biashara ni rundo lake. Hatari zilizomo ndiyo nafaka iliyolowa, na mahali pake ni juu.

Tuchukue mfano, kwa bei za kukisia tu. Vifaranga 100 wa kuku wa nyama kwa shilingi 2,000 kila mmoja ni 200,000. Chakula ni 525,000. Chanjo, maranda na mkaa ni 75,000. Jumla ni 800,000. Kila kuku akiuzwa 10,000, mapato ni 1,000,000 na faida ni 200,000. Hapo ndipo vijana wengi huishia. Lakini wakifa 10, faida inabaki 100,000; wakifa 20, hakuna faida hata shilingi; wakizidi hapo, mtaji wenyewe unaliwa. Kijana muaminifu humwonesha mjomba hesabu zote, humweleza atajikingaje na maradhi, na humtajia wanunuzi aliokwisha kuzungumza nao. Kusema "Insha Allah" ni wajibu wetu, lakini hakuchukui nafasi ya hesabu.

Baada ya maelezo huja makubaliano. Sheria yetu ina mlango uitwao mudaraba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi. Bibi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume (S.A.W.) mali yake ya biashara kwenda Sham kabla ya utume, kwa sababu ya uaminifu wake uliojulikana. Katika mudaraba, faida hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa mapema, kama nusu kwa nusu au 60 kwa 40. Haijuzu kumwahidi mwenye mali kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate. Hasara ikitokea, mwenye mali hupoteza mali na mfanyakazi hupoteza jasho lake, isipokuwa kama amezembea au amevunja masharti. Basi mjomba na ajue tangu siku ya kwanza kwamba laki nane zake zinaweza zisirudi. Akitaka zirudi kwa hali yoyote, huo ni mkopo, nao haubebi ziada.

Jambo la mwisho ni kuandikiana. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani, inaagiza madeni yaandikwe, yawe madogo au makubwa, na yashuhudiwe. Mudaraba si deni, lakini hekima ni ile ile. Wapo wanaoona haya kumwandikisha mtoto wa dada yao. Sisi tunasema kalamu haivunji udugu. Unaouvunja ni usahaulifu.

Nanyi wazee, kijana anapokuja, msimkatishe tamaa wala msimpe kwa huruma tupu. Muulizeni: nafaka iliyolowa iko wapi? Akiionesha mwenyewe kabla hamjauliza, huyo anafaa kuaminiwa.

Wabillahi tawfiq.