Kutoegemea Upande, Maoni Binafsi na Ubaguzi wa Kijinsia: Istilahi za Kazi ya Habari

Watafsiri wa kanuni za vyombo vya habari, walimu na maofisa habari wa halmashauri huzitumia kila mara istilahi tatu zilizotajwa hapo juu, na aghalabu huzichanganya. Katika makala haya twakusudia kuzipambanua. Baadhi ya mifano yetu tumeielekeza Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Katika mji mdogo kama huo, habari za pamba, za almasi ya Mwadui au za mauaji yatokanayo na imani za uchawi huwahusu watu wanaofahamiana, na neno moja lililokosewa laweza kumdhuru mtu.

1. Kutoegemea upande

Dhana hii imepewa majina kadha wa kadha. Wako waiitao "uhalisia", lakini neno hilo limekwisha kushika nafasi yake katika uhakiki wa fasihi. Wengine husema "uyakinifu", neno tulilolizoea katika "upembuzi yakinifu". Sisi twaona kwamba hapa pana dhana mbili. "Uyakinifu" ni sifa ya habari yenyewe: imethibitishwa kwa ushahidi ambao mtu mwingine aweza kuukagua. "Kutoegemea upande" ni mwenendo wa mwandishi: huwapa wahusika wote nafasi ya haki ya kusema, wala hamfichi amwoneaye huruma.

Katika dhana hizo mbili hamna inayomaanisha kukosa maoni. Historia yetu yatufundisha hivyo. Mwezi Aprili 1970 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa matayarisho wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na wakati huo huo Tanzania ilikuwa ikiunga mkono waziwazi ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kutofungamana hakukuwa kunyamaza.

Katika kazi ya habari, mfano ulio karibu ni wa Vicky Ntetema. Mwaka 2008, akiwa mwandishi wa BBC nchini, alichunguza kwa siri waganga waliohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, akatishiwa maisha. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Hatutarajii kwamba mtu aliyeifanya kazi hiyo awe hana maoni juu ya mauaji. Tunachotarajia ni kwamba asemayo yawe na ushahidi.

Uyakinifu huanzia katika uchaguzi wa maneno. Tuseme mwandishi wa Mhunze ameandika kichwa cha habari "Mchawi auawa". Hapo tuhuma imegeuzwa kuwa ukweli, na marehemu amehukumiwa pamoja na jamaa zake. "Mwanamke auawa kwa kutuhumiwa uchawi" ndiyo habari.

2. Maoni binafsi

"Maoni" hutokana na "kuona": ni jinsi mtu alionavyo jambo. Zamani gazeti liliyatengea maoni mahali pake, katika tahariri na barua za wasomaji. Katika mitandao ya kijamii mpaka huo umefifia, kwani habari ya mwandishi na maoni yake hutokea chini ya jina lile lile. Ndiyo sababu vyombo vingi vimetunga kanuni, nazo hapana budi zitafsiriwe kwa uangalifu. "Mwandishi asiwe na maoni" ni amri isiyotekelezeka. "Mwandishi asichanganye maoni yake na habari" ni amri inayoweza kufuatwa na kusimamiwa. Twashauri pia itumike "maoni binafsi" badala ya "maoni ya kibinafsi", ili msomaji asidhani kwamba panasemwa ubinafsi, yaani choyo.

3. Ubaguzi wa kijinsia

"Jinsi" ni hali ya kimaumbile ya kuwa mume au mke. "Jinsia" ni nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa sababu hiyo. "Ujinsia" ni dhana nyingine, isitumiwe hapa. Neno "mwandishi" halina jinsi, lakini mara nyingi twasikia "mwandishi wa kike", na mara chache sana "mwandishi wa kiume". Nyongeza hiyo humfanya mmoja kuwa wa kawaida na mwingine kuwa wa pembeni. Wanahabari wanawake walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, walijitaja kwa jinsi yao kwa hiari na kwa kusudi. Kubandikwa na mhariri ni jambo jingine.

Ubaguzi huo huingia pia katika matumizi ya kanuni. Mwandishi wa kiume ajitangazapo kuwa Simba au Yanga, huitwa mtani. Mwandishi mwanamke akikemea ndoa za utotoni katika ukurasa wake, huenda akaambiwa kuwa ameegemea upande. Ikiwa kanuni ni moja, basi kipimo nacho kiwe kimoja.

Vilevile tusiyape makosa majina ya upole. Kumdai mtu ngono ili apewe kazi au cheo si "utani" wala "usumbufu": ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Wala matusi ya mtandaoni si "maoni binafsi". Katika uchunguzi wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Wanahabari wa mwaka 2020, asilimia 73 ya wanahabari wanawake waliojibu walisema wamepatwa na ukatili mtandaoni kutokana na kazi yao.

Kwa muhtasari, twapendekeza "uyakinifu" kwa habari, "kutoegemea upande" kwa mwenendo wa mwandishi, "maoni binafsi" kwa mawazo yake, na "ubaguzi wa kijinsia" kwa kipimo kisicho sawa baina ya wanawake na wanaume. Watafsiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na penye kasoro watuandikie.