Usiamini Jina la Faili, Cheki Hashi

Buda, jina la faili halina maana. Msee anaeza chukua virusi, aibandike "WhatsApp Mpya", aiwekee ikoni imeweza, aitupe kwa grupu ya mtaa na mbogi yote iiweke kwa simu. Ikishapita kwa flashi ya beshte yako na Telegram ya beshte yake, nani anajua kama imeguswa? Hashi inajua.

Rada ni hii. Unapea faili hesabu inaitwa SHA-256, inakutolea herufi na namba 64, na hiyo ndiyo hashi. Iwe ni kapicha, iwe ni muvi ya GB nne, ni 64 tu. Sasa cheki faili tupu, haina kitu ndani: mashine yoyote, iwe ya Githurai ama ya Tokyo, itakupea kitu inaanza na e3b0c442 na inaishia 7852b855. Tia herufi moja tu ndani na hashi inageuka kabisa, huwezi jua zilikuwa ndugu. Maze, mi hupenda hii kitu! Haijali nani amekutumia.

Februari 20, 2016, mahaka waliingia saiti ya mfumo wa kompyuta wa Linux Mint wakaelekeza watu kwa toleo la 17.3 Cinnamon wamechezea, iko na mlango wa nyuma. Wenye programu walipogundua walitoa hashi za ukweli, so ukiwa nayo kwa keja unalinganisha tu.

Huko Marekani, taasisi ya viwango ya NIST wana maktaba ya NSRL, imejaa hashi za mafaili za programu zinajulikana. Mpelelezi akishika lapi, zile ziko kwa listi anaruka, anasaka zile zimebaki. Lakini shika hii vizuri: kujulikana si kuwa safi. Hata tools za kuhaki ziko kwa hiyo maktaba.

Kuna hesabu zingine za hashi za zamani: MD5 wachana nayo, ilivunjwa 2004. SHA-1 nayo, 2017 Google na CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili tofauti zenye hashi moja.

Kwa Linux andika sha256sum na jina la faili. Kwa Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Linganisha na ile wenye programu wametoa, si ile umetumiwa pamoja na faili, juu mwenye amechezea faili anaeza chezea hata hiyo. Herufi moja ikikataa, futa na ushow mbogi wafute pia.