Simba Wametimia, Mbuga Imebadilika

Ripoti nyingi za uhifadhi huanzia kwenye idadi na kuishia hapo hapo: ndovu wangapi, vifaru wangapi, simba wangapi. Ol Pejeta, hifadhi ya Laikipia ambayo wengi huijua kwa sababu ya Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliosalia duniani, haikosi takwimu za namna hiyo, na kwa upande wa simba takwimu zinatuliza moyo. Hawajapungua. Lakini Januari 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru wa Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, na ndani yake mna namba ambazo ni vigumu kuzipita. Mwaka 2003, asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba wa Ol Pejeta walikuwa punda milia. Kufikia 2020 asilimia hiyo ilikuwa imeshuka hadi 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, nao wakapanda hadi asilimia 42. Idadi ya simba ni ileile, ila chakula chao kimegeuka, na watafiti wanamnyooshea kidole sisimizi.

Tuhuma hiyo haieleweki bila kuanzia kwenye mti. Tambarare za Laikipia zenye udongo mweusi, ule unaonasa magari mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, zimetawaliwa na mgunga wa aina moja, Vachellia drepanolobium. Si mti mrefu. Baadhi ya miiba yake ni mirefu na myembamba kama ya migunga mingine, lakini mingine imefura chini ikawa vivimbe vyenye uwazi ndani, na sisimizi huvitoboa wakaishi humo. Upepo ukipita kwenye vitundu hivyo, mti hupiga mluzi. Karibu na majani kuna tezi zinazotoa nekta, nayo sisimizi huilamba. Nyumba bure, chakula bure, mradi wapangaji wapigane. Ndovu akinyoosha mkonga kuvunja tawi, sisimizi humiminika kwa mamia na kumuuma, wakaingia hadi ndani ya mkonga, ambako ngozi nene haimsaidii kitu. Todd Palmer wa Chuo Kikuu cha Florida, ambaye jina lake limo katika karibu kila utafiti utakaotajwa hapa, alilipima jambo hili na mwenzake Jacob Goheen, matokeo yakatoka mwaka 2010. Ndovu wachanga wanaolelewa na binadamu walipewa matawi yenye sisimizi na yasiyo nao. Mgunga ulioondolewa sisimizi waliula bila kusita. Na mti mwingine ambao kwa kawaida wanaupenda, ulipowekewa sisimizi, wakaukwepa. Ladha haikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa mdudu wa miligramu chache mbele ya mnyama wa tani kadhaa.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na hapo ndipo utamu wenyewe unapoanza, kwa maana sisimizi hao si jeshi moja. Ni spishi nne, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na spishi moja tu. Matawi ya miti miwili yakigusana, huzuka vita hadi upande mmoja ufukuzwe. Crematogaster mimosae ndiye mlinzi wa kusifiwa, mkali na mwenye idadi kubwa. Crematogaster nigriceps naye ni mkali, lakini hukata machipukizi na maua ya mwenyeji wake mpaka mti unakuwa tasa. Yaonekana anafanya hivyo ili matawi yasitanuke yakamfungulia njia jirani mwenye nguvu. Tetraponera penzigi hutafuna tezi za nekta na kuziharibu, ili mti usiwe na kitu cha kutamaniwa na wavamizi. Crematogaster sjostedti hajali sana ulinzi, wala hakai ndani ya miiba; yeye hupenda mashimo yanayochimbwa shinani na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo mti ukiliwa na mbawakawa yeye ananufaika. Mlinzi mmoja, basi, na wanyonyaji watatu. Mtu yeyote mwenye kalamu nyekundu angewafuta hao watatu. Palmer na wenzake hawakuwafuta. Walifuatilia miti kwa miaka kadhaa, wakakokotoa ni kiasi gani mti ungezaa katika maisha yake yote ukiwa na mpangaji huyu au yule. Jibu, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2010, linakwenda kinyume na kalamu nyekundu: mti unaopitia mikononi mwa spishi zote kwa zamu hufanikiwa kuliko unaokaliwa maisha yake yote na yule mlinzi bora peke yake. Anayeufanya mti kuwa tasa huulinda wakati ungali mchanga, umri ambao kubaki hai kuna maana kuliko kuzaa, na mwingine huja baadaye mti ukachanua. Ubaya wa kila mmoja unategemea amekuja lini.

Kuna tokeo jingine linalosumbua zaidi. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia hukohuko, tangu 1995 pana maeneo yaliyozungushiwa uzio kuwazuia ndovu, twiga na wanyama wengine wakubwa. Mtu angetarajia mgunga unenepe, maana adui zake wamefungiwa nje. Miaka 10 baadaye, kwa mujibu wa utafiti wa Palmer wa 2008, mambo yalikuwa tofauti. Mti usioliwa ulipunguza vivimbe na nekta. C. mimosae, kwa njaa, wakazidi kuchunga wadudu gamba wanaofyonza utomvu wa mti uleule, na koloni zao zikadhoofika. C. sjostedti wakachukua nafasi, mbawakawa wakaongezeka, na miti ikakua polepole na kufa zaidi. Ndovu na twiga, kwa kuula mti, ndio waliokuwa wakiufanya uendelee kuwalipa walinzi wake. Hakuna safu katika daftari la sensa inayoweza kuandika jambo hilo. Tunahesabu miti, tunahesabu ndovu, tukipata bahati tunahesabu na sisimizi. Lakini kinachoibeba mbuga ni yale wanayotendeana, nayo yanaweza kuvunjika huku kila hesabu ikiwa imetimia.

Ndicho kilichotokea alipoingia Pheidole megacephala, sisimizi mwenye kichwa kikubwa, anayeaminika kuwa na asili katika kisiwa cha Bahari ya Hindi na aliyesambazwa duniani na mizigo yetu wenyewe. Laikipia alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huwaua sisimizi wenyeji na kula mayai na mabuu yao, lakini mti hautetei. Utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Corinna Riginos, Palmer akiwamo, ulionyesha kuwa katika maeneo yaliyovamiwa ndovu waliharibu migunga mara 5 hadi 7 zaidi kuliko mahali ambapo wenyeji bado wako. Tazama kejeli ya orodha: ukihesabu spishi tu, siku mgeni huyo alipofika, Laikipia ilikuwa imeongezewa moja.

Miti ikivunjwa, macho hufika mbali. Simba huwinda kwa kuvizia, na mgunga ndio kichaka chake. Kwa vipimo vya Kamaru na wenzake, uwazi wa kuona katika maeneo yaliyovamiwa ambako ndovu wanafika ulikuwa mara 2.67 zaidi, na uwezekano wa punda milia kuuawa ulikuwa mara 2.87 zaidi kule ambako mgeni hajafika. Msomaji mwenye shaka atauliza kama si jambo jingine: ukame, ongezeko la ndovu, mabadiliko ya ufugaji. Swali ni halali, na jibu lina sehemu mbili zisizo na uzito sawa. Uhusiano kati ya sisimizi, ndovu na uwazi ulipimwa kwa kulinganisha maeneo yaliyovamiwa na yasiyovamiwa, mengine ndovu wakiwa wamezuiwa, na hapo ushahidi ni mgumu kuutikisa. Lakini kuhama kutoka punda milia kwenda kwa nyati katika miaka 17 ni mwenendo wa muda, nao hauna mbuga ya pili ya kulinganishwa nayo. Tena asilimia ni mgawo: nyati wakiuawa zaidi, mgawo wa punda milia hushuka hata kama hakuna punda milia mmoja aliyenusurika zaidi. Kwangu mnyororo huu unashikamana, ingawa kiungo chake cha mwisho ni chembamba kuliko vingine.

Pingamizi la pili ni la wenye matumaini. Simba amezoea, watasema, maumbile yamejirekebisha, kelele za nini? Ni kweli amezoea, na anastahili sifa. Lakini huwezi kuuita mzigo mwepesi kwa sababu tu aliyeubeba hajaanguka. Nyati ni mkubwa, ana pembe, na mara nyingi wenzake hurudi kumpigania. Simba wangapi wanajeruhiwa kwa lishe hii mpya, nyati wataivumilia kwa muda gani, na simba atageukia wapi wakipungua? Idadi isiyobadilika haijibu hata moja kati ya hayo, na huenda ikawa ndiyo ya mwisho kubadilika. Faru mweusi naye yumo Ol Pejeta, na mgunga huuhuu ni sehemu ya chakula chake. Yeye hana nyati wa kuhamia.

Miongoni mwa hatua ambazo watafiti walisema wanazichunguza ni kuwazuia ndovu na walaji wengine wakubwa kwa uzio, kwa muda, ili miti iliyopoteza walinzi ipumue. Ni wazo la busara, maana mti usio na sisimizi hauna kinga nyingine ya maana dhidi ya mkonga. Ila ni uzio uleule ambao kule Mpala, sisimizi wenyeji wakiwepo, uliufundisha mgunga kuacha kuwalisha. Ukiwekwa kwa muda mfupi mno, ndovu watarudi kabla mti haujasimama. Ukiwekwa kwa muda mrefu mno, mti unaweza kuacha kutengeneza vivimbe na nekta, halafu hata mgeni akiondolewa siku moja, wenyeji watakaorudi watakuta nini?